Mahame ya Wachawi

Nilipokuwa nasoma York, kaskazini mwa Uingereza, kundi letu la Ijumaa lilinikabidhi usimulizi. Mchezo wetu ni ule wa hadithi na dadu: kila mchezaji ana mhusika wake, msimulizi huijenga dunia wanamopita, na dadu la pande 20 huamua nani afaulu. Dunia yetu ilifanana na Uingereza ya karne ya 13, ila wachawi wake walikuwa na makao, maktaba na watumishi. Wahusika walikuwa njiani kuelekea makao yaliyohamwa zamani, na kuyachora ikawa kazi yangu.

Magofu mengi ya michezo hii hayanishawishi. Mnara umevunjika, buibui wamejaa, sanduku la dhahabu liko chini ya sakafu. Ukiuliza maji yalitekwa wapi, au nani alipika, hupati jibu. Rafiki yangu mmoja wa kundi, mzaliwa wa Yorkshire, akaniambia nisishike penseli kabla sijaiona Wharram Percy.

Tukaenda pamoja. Ni mahame ya kijiji kwenye vilima vya Yorkshire Wolds, unayafikia kwa kuteremka bondeni kwa miguu. Nyumba za wakulima hazipo tena; yamebaki matuta kwenye majani, yakionyesha msingi wa kila nyumba na mpaka wa kila kiwanja. Wanaakiolojia walichimba hapo kuanzia 1950 hadi 1990. Wengi hudhani tauni kuu ya karne ya 14 ndiyo iliyokimaliza kijiji. Ilikipunguza tu. Familia za mwisho ziliondolewa karibu na mwaka 1500 ili kupisha malisho ya kondoo.

Kilichonishika ni kanisa la Mtakatifu Martin. Halina paa, na sehemu ya mnara wake ilianguka mwaka 1959. Ukutani kuna matao yaliyozibwa kwa mawe. Zamani yalifunguka kwenye ukumbi wa pembeni. Waumini walipopungua, ukumbi ukabomolewa na matao yakazibwa. Nilipitisha kidole pale jiwe la tao, lililochongwa kwa ustadi, linapokutana na mawe ya kuzibia. Nikajua gofu langu litakavyokuwa.

Usiku ule niliyachora kwanza makao yakiwa hai: jiko, kisima, zizi, bwawa la samaki, ukumbi wa matao manne. Kisha nikaweka karatasi nyingine juu yake na kuyachora upya, chemchemi iliyowapa wachawi nguvu ikiwa imeanza kukauka. Tao moja likazibwa. Karatasi iliyofuata, mawili. Sikutaka mlipuko wala joka. Katika karatasi ya mwisho kulibaki mchawi mmoja, kitanda chake kikiwa kando ya moto ndani ya maktaba, na rafu zilizo karibu zimekwisha kuchanjwa kuni.

Makaburi nayo niliyatoa Wharram Percy. Utafiti uliotolewa 2017 ulieleza vipande 137 vya mifupa ya watu wasiopungua 10, vyenye alama za visu na moto. Maelezo ambayo watafiti waliyapa uzito zaidi ni kwamba wanakijiji walihofia wafu wao wangeinuka na kutembea. William wa Newburgh, mwanahistoria wa karne ya 12, aliandika visa vya wafu wa namna hiyo. Basi nje ya ukuta wa wachawi nikaweka mifupa iliyochomwa na majirani waliowaogopa hata wakiwa wafu.

Ijumaa ilipofika, mchezaji ambaye mhusika wake ni mwashi alinisimamisha ukumbini.

“Matao haya yalizibwa kwa pamoja?”

Akarusha dadu, akafaulu. Nikamwambia chokaa zinatofautiana rangi, na kazi ya mwisho ni ya mtu asiyejua kujenga.

“Aliziba mwenyewe,” akasema. “Alikuwa amebaki peke yake.”

Hakuna aliyeuliza habari za dhahabu. Walikwenda moja kwa moja maktaba, wakaona majivu na kitanda, wakaanza kubishana vitabu vipi viokolewe kwanza. Nilikuwa nimewaandalia barabara ya kuwatoa bondeni hadi mji wa bandari, vita ikiwasubiri huko. Nikaikunja ramani hiyo, maana mwashi alishaanza kuzibua tao la kwanza na wenzake walikuwa wanagawana vyumba.