Folda ya mishahara imefungwa!

Leo ofisini kwetu hapa Mbeya folda ya mishahara imepigwa kufuli.

Siku zote ilikaa kwenye diski ya pamoja, anayetaka anaingia. Hadi mlinzi alijua bosi anakatwa mkopo kiasi gani!

Fundi wa kompyuta kaja na koti zito, baridi ya Mbeya mnaijua. Katengeneza kundi la uhasibu kwenye mfumo, ruhusa kalipatia kundi, si mtu mmojammoja. Ukihama idara unatolewa kundini, basi.

Saa nne mzee wa masijala kabonyeza. "Huna ruhusa."

Kavua miwani, kaipangusa kwa tai, kabonyeza tena.

"Mtandao unasumbua leo," akasema.

Hakuna aliyemjibu 😂

Kwenu vipi, mishahara bado iko wazi?