Tangazo lilikuwa sehemu ya ladha

Juzi usiku niliingia intaneti kutafuta kitu kingine kabisa, nikakutana na lile tangazo la dubu weupe wa Coca-Cola, lile la mwaka 1993, wamekaa kwenye barafu wanaangalia mianga ya angani kama watu waliokwenda sinema, wana soda zao na hakuna anayesema neno. Nikasikia kiu. Saa sita na nusu usiku, nimetoka kunywa maji sasa hivi, na bado nikasikia kiu ya soda, tena ile kiu ya utotoni ya kumeza mate mbele ya tivii. Nilipokuwa mdogo niliamini wale ni dubu wa kweli waliofundishwa kushika chupa, sikuwa na habari kwamba kuna watu walikaa na kompyuta wakaunda kila unywele.

Basi usingizi ukaisha hapohapo, nikaanza kuyafukua ya zamani moja baada ya jingine, ya kabla hata sijazaliwa.

Lile la mwaka 1971 la vijana wa mataifa mbalimbali wamesimama kilimani kule Italia, kila mtu na chupa yake, wanaimba pamoja, nadhani wengi mmeliona. Mimi kilichonigusa ni lilivyoanza. Bill Backer, aliyekuwa anatengeneza matangazo ya Coca-Cola, alikuwa anasafiri kwenda London, ukungu ukawa mzito, ndege ikaenda kutua Shannon huko Ireland na abiria wakalala huko wamenuna wamekasirika. Kesho yake akawakuta walewale waliokuwa wakali jana wamekaa pamoja wanapiga stori na kucheka, chupa za Coca-Cola mezani, akachukua tishu akaandika wazo lake palepale. Yaani tangazo zima limetoka kwenye kitu alichokiona kwa macho, watu wageni kwa wageni wanasogeleana kwa sababu ya kinywaji. Ndiyo maana mpaka leo ukiliangalia unaliamini.

Halafu kuna la Coca-Cola la 1979, la Joe Greene, yule jitu la miraba minne lililokuwa likichezea Pittsburgh Steelers kwenye futiboli ya Kimarekani. Anatoka uwanjani anachechemea, jezi begani, uso umekunjamana, na nyuma yake kuna mtoto na soda yake. Mtoto anamwita kwa woga, anamuuliza kama anahitaji msaada, jamaa anajibu kwa mkato. Mtoto anampa soda. Anaikataa kwanza, kisha anaipokea na kuibugia yote, kichwa kimeinuka juu, hakuna kushusha pumzi, na wakati huo mtoto amesimama tu anaangalia soda yake inavyoisha! Mtoto anageuka aende zake, mabega yameshuka, na hapo ndipo yule bwana anamwita, anamrushia jezi, anatabasamu kwa mara ya kwanza. Nimeliangalia mara nne na kila mara nasubiri lile tabasamu kama sijui linakuja. Ni dakika moja tu lakini wamepata muda wa kukuonyesha mtu mzima anabadilika.

Ila kama mtaniuliza lipi ni bora kuliko yote, mimi ni 7UP na Geoffrey Holder, miaka ya sabini. Holder alizaliwa Trinidad, alikuwa mcheza dansi na mchoraji, mrefu kama mnazi, kavaa suti nyeupe, na ile sauti yake nzito inayotokea chini kabisa tumboni. Anakuonyesha mbegu za kola, kavu, za kahawia, anaziongelea kwa heshima zote, ndipo anakuletea za kwake, zile za "Uncola", kumbe ni limau na ndimu, mbichi, zinang'aa, zina maji. Anamaliza na kile kicheko chake. Kampuni ilianza kujiita hivyo mwaka 1967 kwa sababu watu walikuwa wakisikia neno soda akili inakwenda kwenye kola moja kwa moja, kwa hiyo wao wakasema sawa, sisi ndio ambao si kola. Hawakumtukana mtu yeyote, walikuonyesha limau na ndimu kwenye kiganja basi. Nikimaliza kulitazama meno yanaingia ganzi kwa ukali wa ndimu ambayo sijaila.

Sasa hapo ndipo nikapata swali: hivi mimi napenda soda au napenda matangazo yake? Maana maisha yangu yote mimi ni mtu wa Coca-Cola, nimeshabishana na watu mpaka tukanuniana.

Jumamosi nikawakusanya watu wa nyumbani tuonje Coca-Cola na Pepsi bila kujua ipi ni ipi, mama, mdogo wangu wa kike, na mume wake. Vikombe vyeupe, nimeandika herufi kwa chini, chupa zote zimelala kwenye friji usiku kucha maana soda ya moto huwezi kuihukumu, gesi inakaa vizuri kwenye kimiminika cha baridi na ikipata joto inatoroka yote unabaki na maji ya sukari. Kila mtu funda moja moja. Mama alionja akasema papo hapo, "Hii ndiyo yenyewe, hiyo nyingine inabaki mdomoni." Alikuwa ameshika Coca-Cola. Sisi watatu tuliobaki tulichagua kikombe kile kingine, na tulipovigeuza ikawa Pepsi. Mdogo wangu akaniambia, "Kaka, umechanganya vikombe," nikamwambia sijachanganya, nikamwonyesha, na mimi mwenyewe moyo ulishtuka kidogo.

Kumbe hii siyo ajabu. Mwaka 1975 Pepsi walianza kule Dallas lile shindano lao la Pepsi Challenge, watu wanaonja bila kujua ni ipi, na wengi wakawa wanachagua Pepsi. Kopo la Pepsi la Marekani la mililita 355 lina gramu 41 za sukari, la Coca-Cola lina 39, halafu Pepsi wanatia pia asidi ya sitriki, ile iliyomo kwenye malimau, kwa hiyo funda la kwanza linakupiga na utamu na ukali kwa pamoja. Kwa funda moja inashinda. Ila tulipojaza glasi nzima tukanywa mpaka mwisho tunaongea, mimi na shemeji tukarudi kwa Coca-Cola, utamu wa ile nyingine ulikuwa umeshatuchosha katikati. Mdogo wangu akabaki na Pepsi yake na sina ugomvi naye, kwa kweli nimemwelewa.

Coca-Cola wenyewe ziliwakuta. Tarehe 23 Aprili 1985 wakaondoa soda yao ya miaka 99 wakaleta New Coke, tamu zaidi, na walikuwa wameshawaonjesha watu karibu 200,000 na wengi wakasema ndiyo. Ikatoka sokoni, watu wakaja juu! Simu kwa maelfu kila siku, barua za uchungu kama za mtu aliyefiwa, wengine wananunua masanduku ya ile ya zamani wanaficha nyumbani. Siku 79 tu, ikarudi. Zamani nilikuwa naona wale watu wa simu wanazidisha, ila baada ya usiku ule wa dubu nimewaelewa kabisa. Ile soda ilikuwa na babu yao ndani yake, na kilima cha Italia, na Joe Greene.

Na kuna wanasayansi wa Houston walilipima hili, utafiti ukatoka 2004, waliwaingiza watu kwenye mashine ya kupiga picha ubongo huku wanawanywesha hizi soda mbili. Wasipojua ni ipi, ubongo unajibu utamu tu. Wakiambiwa kwamba hii ni Coca-Cola, sehemu zinazohusika na kumbukumbu nazo zinaamka. Jina la Pepsi halikuleta kitu hicho. Niliposoma hapo niliweka simu chini nikakaa kimya.

Kwa hiyo mkiniomba kulinganisha sasa hivi siwezi kujifanya natumia ulimi peke yake. Sprite ya 1961 na 7UP ya 1929 kwangu ziko karibu sana, Sprite imechangamka zaidi ila 7UP ina Holder, 7UP imeshinda. Dr Pepper ni kitu cha peke yake, watu wanaiita kola na siyo kola, wenyewe wanasema ina ladha 23, na ilianza Waco huko Texas mwaka 1885, mwaka mmoja kabla ya Coca-Cola. Zamani iliandikwa namba 10, 2 na 4 kwenye chupa, kwa saa zetu ni saa nne asubuhi, saa nane na saa kumi mchana, saa ambazo mwili unalegea unahitaji kuinuliwa, na mimi nikiiona namba ile hata leo nahisi nimechoka nataka kunywa. Fanta ya machungwa sitasema sana, utamu wake ni wa sherehe, glasi moja inanitosha.

Matangazo ya siku hizi yananiuma. Mtu maarufu anaruka, picha zinakatwakatwa kila nusu sekunde, soda yenyewe huioni ikimiminwa, husikii kizibo kikilia tsss, huoni jasho la baridi likiteremka kwenye chupa. Mtoto wa leo atakumbuka nini hapo?

Usiku wa Jumamosi ileile watu wote walishalala, nikaenda jikoni bila kuwasha taa nisije nikamwamsha mama. Tuliacha chupa mbili juu ya meza, moja ya kila aina, hazijafunguliwa. Mwaka 1915 Coca-Cola waliwaambia watengeneza chupa wanataka chupa ambayo mtu akiigusa gizani ataijua, au hata ikivunjika chini bado ajue ni ya nani, na kiwanda cha Root kule Indiana ndicho kilichoipata. Nikapapasa meza. Kidole kikagusa kiuno cha chupa, na ile mistari ya wima inayoteremka pembeni, nikaifungua taratibu kizibo kisipige kelele. Haikuwa na baridi hata kidogo. Niliinywa yote nimesimama palepale gizani.