Pima Nne na Mkono Mmoja

Bahari ilikuwa imenyamaza kwa muda mrefu mno, ndiyo maana tukaanza kuzungumza.

Tulikuwa wanne, tumekaa juu ya mbao zetu nje ya mwamba, miguu ikining'inia majini: mimi, dada mmoja aliyekuwa hodari kuliko sisi sote, kijana wa miaka 19, na Mzee, ambaye alianza kupanda mawimbi kabla sisi watatu hatujazaliwa. Ilikuwa mwaka 2022. Tangu alfajiri mawimbi yalikuwa yakija kwa makundi, matatu au manne, kisha kimya. Dakika 10. Dakika 15. Nilipokuwa bado ufuoni nilihesabu muda kati ya wimbi na wimbi ndani ya kundi moja, nikapata sekunde 17, na moyo ukanipiga. Vile viwimbi vifupi vya upepo, vya sekunde 8, haviigusi sakafu ya bahari mpaka vifike kwenye kina cha mita 50 hivi. Ya sekunde 17 huanza kuihisi yakiwa bado kwenye kina cha zaidi ya mita 200. Yametoka mbali, nguvu yake imezama chini sana, na yakikuta mwamba nguvu yote ile hupanda juu.

Hakuna aliyesema anaogopa. Kijana ndiye aliyevunja ukimya.

"Wimbi kubwa kuliko yote mliyowahi kupanda, lilikuwa na kimo gani?" Kisha hakusubiri jibu. "Langu mita 7."

Dada akamgeukia. "Mita 7 za mbele au za mgongoni?"

Kijana hakuelewa, na dada akamweleza kwa upole. Hawaii, ulikozaliwa mchezo huu, wengi wamezoea kulitaja wimbi kwa kimo cha mgongo wake, yaani upande wa bahari kuu. Mbele, upande anaoshuka mpandaji, kimo huwa karibu mara mbili. Kwa hiyo mtu akisema mita 3 huko, mwenzake wa kwingine angeliita lile lile mita 6. Watu wazima wenye akili zao wamegombana juu ya jambo hili.

"Mbele," akasema kijana. Halafu, kwa sauti ya chini, "Labda 5."

Dada alisema lake lilikuwa mita 4 na nusu, na hakubahatisha. Alipigwa picha akiwa amechuchumaa kwenye ubao, mguu wote ukionekana kuanzia goti hadi kisigino. Mguu huo, sentimita 45, akauchukua kuwa kipimo chake, akaupandisha kwenye picha kuanzia kitako cha wimbi hadi kilele. Ukaingia mara 10. Hata wataalamu wanaothibitisha rekodi huanzia hapo hapo: hutafuta kwenye picha kitu chenye urefu unaojulikana, ndipo wakapandisha hesabu.

Mimi nikasema langu lilikuwa mita 4. Nilikuwa nakisia tu.

Mazungumzo yakafika Nazaré, kule Ureno, kama yanavyofika kila mara. Kijana alikuwa amekariri kila kitu. Sebastian Steudtner, Mjerumani, mita 26.21, wimbi la Oktoba 2020, rekodi ikathibitishwa Mei mwaka huo huo tuliokuwa nao. Alilitaja lile bonde la chini ya bahari linalokuja mpaka karibu na ufuo, ambalo kwenye vilindi vyake hufika mita 5,000 hivi, jinsi wimbi linavyopita juu yake bila kupunguzwa mwendo, kisha likakutana na lile lililopita kwenye maji mafupi, yakapandana. Wapandaji wa kule huvutwa kwa pikipiki za majini, maana wimbi la namna ile hukimbia kuliko mkono wa mtu unavyoweza kupiga maji. Sisi tulikuwa na mikono tu.

"Maya Gabeira, yule Mbrazili, mita 22.4, Februari 2020," dada akasema. "Lakini mimi simtaji kwa mita. Mwaka 2013 alitolewa kwenye maji hayo hayo akiwa amezimia. Akarudi."

Tukanyamaza kidogo. Mzee alikuwa hajasema neno. Alikaa mbele yetu kidogo, ametupa mgongo, macho kwenye upeo wa bahari.

"Na wewe, Mzee?"

"Makaha, kule Hawaii, Desemba 1969," akasema bila kugeuka, "Greg Noll alipanda wimbi ambalo hakuna aliyelipiga picha. Mpaka leo watu wanabishana kimo chake."

"Lako, Mzee. Lako wewe."

"Tukitoka nitawaambia." Kisha akalala juu ya ubao wake. "Nje! Pigeni mikono, nje!"

Sikuona kitu. Nilipiga mikono kwa kuwa yeye alipiga. Mapigo 10 baadaye nikaona: mstari mweusi kwenye upeo, mnene kuliko mistari mingine ya siku ile, na nyuma yake mwingine, na mwingine. Wimbi la kwanza tulilivuka likiwa linaanza kusimama. La pili lilinibeba mpaka juu kabisa, ubao ukaelekea mbinguni, nikaangukia nyuma yake kwa kishindo, matone ya kilele chake yakininyeshea kama mvua. Nilipofungua macho, la tatu lilikuwa limeshafika, na mimi nilikuwa mahali pake barabara.

Nimeulizwa mara nyingi kama niliamua. Sidhani. Mwili uligeuka. Nilipiga mikono mara 4, nikasikia mkia wa ubao ukiinuka, nikasimama.

Wanaosimulia mawimbi makubwa husimulia kimo. Mimi kimo sikukiona. Wimbi lilikuwa nyuma yangu na chini yangu. Nilichokiona ni maji yaliyokuwa yakinyonywa kupanda, yenye mikunjo midogo kama nguo isiyopigwa pasi, na kila mkunjo ubao ulipougonga nilisikia mpigo kwenye nyayo, tatata, kwa kasi nisiyowahi kuisikia. Upepo wa nchi kavu ulipenya chini ya pua ya ubao na kutaka kuninyanyua. Nikazidi kuchuchumaa. Nilishuka, nikaendelea kushuka, na pale ambapo kwa mazoea yangu yote mteremko ungekuwa umekwisha, nilikuwa bado nashuka.

Chini nilifaulu kukata kona. Kulia kwangu palikuwa na kivuli. Nikajua ni kilele kinakuja.

Povu la wimbi kubwa si maji. Nusu yake hewa, na mkono ukiupiga haushiki kitu. Unaogelea bila kwenda popote. Nilipinduliwa mpaka nikapoteza juu na chini. Kamba ya mguuni ilivutika, ikavutika tena, kisha mguu ukawa mwepesi, nikajua imekatika. Nilihesabu, kwa sababu Mzee alikuwa ametufundisha kuhesabu: mwenye kuhesabu hapigi mateke, na asiyepiga mateke hewa yake inamtosha. Nilifika 16. Kwenye 13 giza lilianza kuwa kijani, na hiyo kijani sitaisahau maisha yangu yote.

Mzee ndiye aliyenifikia. Hakusema kitu, alinisogezea ubao wake nikashika ukingo, tukaacha povu la wimbi lililofuata litusukume mpaka ufuoni.

Kule ufuoni dada na kijana walikuwa wazima. Ubao wa kijana ulikuwa vipande viwili. Ndipo mabishano yakaanza, na nakiri niliyataka. Nilikuwa natetemeka, nilitaka mtu anitajie namba. Kijana akasema mita 9. Dada, aliyelitazama kwa nyuma, akasema 5, pengine 6. Picha haikuwepo. Hakuna aliyekuwa ufuoni.

Mzee aliuliza swali moja tu. "Lilivunjikia wapi?"

Nilijua kabisa. Mwamba ule una ukingo, halafu nje yake pana baraza ya chini zaidi, ambapo maji hubadilika rangi ghafla. Huko hatukuwahi kuona wimbi likivunjika. Nilipogeuka nilikuwa juu ya baraza ile, ncha ya mwamba uliojitokeza ikiwa mkono wangu wa kushoto.

"Basi bahari imeshalipima," akasema.

Siku mbili baadaye maji yalikuwa yametulia kama ya kisimani. Tulitoka sote wanne, Mzee akiwa na kamba na jiwe. Alikuwa ameichagua saa, ili kimo cha maji kupwa na kujaa kiwe kile kile cha asubuhi ile. Nilipiga mikono mpaka ncha ya mwamba ikawa kushotoni kwangu, pale pale, nikasema hapa. Jiwe likazama. Kamba ikapita vidoleni mwake taratibu, ikalegea. Alishika pale ilipokutana na maji, akaifunga fundo, akaivuta yote na kuipima kwa mikono iliyonyooshwa, tangu ncha ya kidole hadi ncha ya kidole: pima moja, mbili, tatu, nne, na iliyobaki ikalala kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Pima nne na mkono mmoja.

"Mita 7 na sentimita 80 hivi," dada akasema.

Wimbi huvunjika kina kinapofika karibu mara 1.3 ya kimo chake. Hesabu hiyo si ya kukata kwa kisu, mteremko wa sakafu huibadilisha, na hata Mzee alituonya. Tukagawanya. Mita 6.

Kijana akapiga mluzi. Mimi nilishindwa kusema. Nilikuwa naitazama kamba ile iliyolowa, imelala kwenye ubao wa Mzee, nikijaribu kuiona imesimama wima.

"Ulituahidi, Mzee," kijana akasema. "Lako?"

Alikuwa akiikunja kamba kwenye kiganja, mzunguko baada ya mzunguko. "Langu nililipanda kabla ya kuijua hesabu hii," akasema. "Nakumbuka mwamba. Nakumbuka pia nani alikuwa kulia kwangu. Lakini pale lilipovunjikia, mwanangu, sikuangalia."

Akanirushia kamba. Nikaivaa shingoni, ikinidondoshea maji kifuani, tukarudi.