Mimi ndiyo nimemleta

Nasahihisha insha za S2, kidato cha pili, mpaka macho yanawasha, na kila nikimaliza mbili tatu najikuta nimerudi palepale: meza ya kona, samaki wamepoa, na Mama mkwe anasema lile neno lake. Nimelisikia kichwani wiki nzima. Nimelisikia hata kwenye mkutano wa walimu, wakati mkuu wa shule anaeleza habari za ada.

Mimi na Mama mkwe mnatujua. Hatugombani. Nampigia goti nikimwamkia kama mila ya Busoga inavyotaka, ananiitikia vizuri tu, kisha anakwenda jikoni, anaonja mchuzi wangu na kuongeza chumvi. Anafanya hivyo tangu mwaka niliotoka Tanga kuja huku Jinja, Uganda, na sijawahi kumwuliza. Safari hii alikuja kwa ajili ya kliniki ya macho, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho kwetu kabla ya kurudi Iganga. Baba watoto akaona tumtoe, tule samaki kando ya ziwa, meza akaiwekea oda tangu Jumatano.

Alhamisi usiku mwanangu Kadogo akawaka moto kwa homa. Ijumaa nikaomba ruhusa, tukaenda zahanati ya hapa Walukuba, wakamtoboa kidole, kipimo kikaonyesha mistari miwili. Malaria. Ana miaka minne. Chanjo yake iliyoanza kutolewa hapa nchini Aprili 2025 ni ya watoto wachanga, kwa hiyo yeye ilimkuta ameshapita. Tukapewa dawa mseto, vidonge viwili kila dozi kwa uzito wake. Ya kwanza alimeza saa 10 alasiri, ya pili saa 6 usiku (kumwamsha ilikuwa vita), na ya tatu ilikuwa imeangukia Jumamosi saa 10 alasiri. Muuguzi alinishika mkono akarudia mara mbili: ale kitu chenye mafuta au anywe maziwa, maana dawa hii tumbo likiwa tupu mwili hauinyonyi vizuri.

Jumamosi asubuhi homa ilikuwa imeshuka, mtoto anacheza na vifuniko vya sufuria. Nikasema tubaki hata hivyo. Baba watoto akasema kakaa ndani siku mbili, upepo wa ziwa utamfaa. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake, akamwangalia mwanawe, kisha akaniangalia mimi, na ni mimi aliyeniambia:

"Mtoto iko na homa. Mnatembeza yeye wapi?"

Sikujibu. Baba watoto alikuwa anatafuta funguo za gari kwa bidii isiyo ya kawaida. Tukaenda.

Hoteli siitaji jina. Ina bustani nzuri, viti vya mbao, ziwa lote mbele yako, na nadhani ziwa ndilo unalolipia. Tulikaa saa 7 unusu. Tuliagiza ngege (sato) watatu wa kukaanga, mmoja shilingi 40,000, na chipsi. Kijana wa kuhudumia akatuhakikishia samaki ni wa leo. Ilipofika saa 9 soda zilishakwisha na nilishaanza kutazama saa kila dakika, si kwa njaa yangu, kwa ile dawa kwenye pochi. Samaki waliletwa saa 9 na nusu kupita. Nje weusi kwa mafuta yaliyokwishakaangia vitu vingi kabla yao, ndani nyama ya mfupani bado ina rangi ya waridi, na mahali pengine imelegea kabisa jinsi samaki aliyekaa kwenye barafu wiki anavyolegea. Chipsi baridi. Kachumbari ni kitunguu kitupu, na maji ya kunawa yalikuja baada ya chakula. Mimi ni mtu wa pwani, nakubali nina kiburi cha samaki, ngege wa maji baridi kwangu huwa hana chumvi hata apikwe na nani. Lakini Masese wanashusha samaki kila asubuhi, ni hapo tu. Kumpata mbichi Jinja si kazi, kazi ni kumharibu namna ile.

Kadogo alionja chipsi moja akaitema. Saa 10 kasoro dakika tano. Nikamwita kijana nimwombe maziwa ya moto, akasema maziwa hakuna. Ndipo Mama mkwe akafungua mkoba wake, akatoa gazeti lililokunjwa, na ndani ya gazeti kabalagala, zile nyekundu za ndizi na unga wa muhogo, bado zina mafuta. Alizikaanga alfajiri bila kumwambia mtu. Kadogo akazivamia.

Mwenye hoteli, mama mmoja, alikuwa kaunta. Akaja na tabasamu la biashara.

"Nyabo, chakula cha nje hapa haturuhusu."

Aliniambia mimi, kwa Kiswahili, labda alishanisikia nikiongea. Nikamjibu kwa adabu kwamba mtoto ana malaria, saa ya dawa imefika, na lazima ale kwanza.

Akamtazama Kadogo, akazitazama zile meza nyingine. Akasema, kwa sauti ya kutosha wenzetu kusikia:

"Sasa mtoto mgonjwa, mama mzima unamleta hotelini?"

Malaria haiambukizwi kwa kukaa meza ya jirani. Hilo ndilo jibu nililopaswa kuwa nalo, na tangu Jumamosi nimeshalitunga kwa namna nyingi, fupi na refu, moja lina methali. Pale mdomo ulikauka. Maana alichosema yule mama nilikuwa nimeshakisikia asubuhi mlangoni kwangu, karibu neno kwa neno, na aliyeniambia alikuwa amekaa kushoto kwangu anakunja gazeti.

Mama mkwe hakuinua hata kichwa.

"Mimi ndiyo nimemleta," akasema. "Huyu mjukuu yangu. Hawa nimewaambia tuje, hawakutaka."

Kimya. Yule mama akasema, "Sawa, jaja," akarudi kaunta. Kadogo akameza vidonge vyake juu ya kabalagala ya pili. Baba watoto akalipa bili yote bila neno, hata ya samaki ambao hatukula nusu, na njiani ndipo akatuambia kwamba kazini wanamhamishia Mbale mwezi ujao. Tukazungumza habari ya Mbale hadi nyumbani. Mimi nilikuwa naitikia tu.

Hawakutaka! Mimi kweli sikutaka. Lakini yeye ndiye hakutaka zaidi, na mwanawe ndiye aliyetaka. Kwa nini aichukue juu yake? Nilipomwuliza Baba watoto usiku alicheka: mama yake hawezi kuona mtu mwingine anaamrisha watu wake, tangu enzi za marehemu baba yao akifanya kazi kiwanda cha nguo cha Nyanza Textile alikuwa anagombana hata na wasimamizi wa nyumba za kampuni. Yaani hakunitetea mimi, alilinda mamlaka yake. Wa kunisema ni yeye peke yake. Inawezekana. Ni maelezo mazuri na mwanawe anamjua kuliko mimi.

Ila hakuwa amekaa nilipokaa. Aliposema "hawakutaka" mkono wake ulikuwa juu ya goti langu, chini ya meza. Haukubonyeza, haukupapasa, ulikaa tu, mzito, una mafuta ya kabalagala. Doa liko kwenye gauni mpaka sasa na sijalifua, si kwa mapenzi, ni kwamba sabuni ya mche imekwisha.

Jumapili nilimsindikiza stendi. Nilikuwa nimejiandaa kusema kitu. Konda alikuwa anapiga kelele "Iganga, Iganga," abiria wanasukumana, na yeye akapanda, akakaa dirishani na kuniita. Nikasogea.

"Mchuzi yako wa jana usiku," akasema, "chumvi imetosha."

Gari ikaondoka. Nilicheka peke yangu hadi muuza karanga akaniuliza kuna nini.

Kadogo amepona. Amemaliza vidonge vyote na sasa anadai kabalagala kila asubuhi. Nimejaribu kuzikaanga, zinapasuka kwenye mafuta. Nitampigia simu Mama mkwe kumwuliza unga kiasi gani. Bado nautafuta ujasiri.

Kinachoninyima usingizi kweli sasa ni ule mfenesi wa nyuma. Mvua za wiki hii zimeulainisha udongo na umeinamia ukuta wa jirani, na mafenesi makubwa yote yako upande huohuo. Jirani anataka ukatwe kabla ya Ijumaa. Fundi wa kwanza aliyekuja aliziona nyaya za umeme zinazopita kati ya matawi akaaga, wa pili anataka shilingi 300,000 na kuni zote ziwe zake. Na Baba watoto, kama kawaida, anatafuta funguo za gari.