Ndoano niliyoitega mlangoni mwa Git

Simu iliita saa kumi na mbili asubuhi, jua halijachomoza vizuri. Aliyepiga ni mama mmoja anayenunua dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, na hakuanza na salamu. Kwa mtu wa rika lake hapa Kigoma, hilo peke yake lilitosha kunitoa kitandani.

"Mwanangu, kile kitu chako kimegoma. Watu wamejaa hapa na magunia yao, mimi nabonyeza, kinaniandikia kizungu tu."

Kizungu chenyewe kilikuwa "Server Error (500)". Mimi na vijana wawili, tukiwa kwenye chumba kimoja pale Mwanga, tulikuwa tumemtengenezea yeye na wenzake mfumo mdogo wa kuandika magunia yanayoingia, bei ya siku na nani anamdai nani. Tumeuandika kwa lugha ya Python na Django, zana yake ya kutengenezea tovuti. Usiku uliotangulia, kama saa tano hivi, nilikuwa nahangaika na hesabu ya madeni iliyokuwa ikikosea. Nikaweka `breakpoint()` katikati ya msimbo ili programu isimame pale niichungulie. Nikaona kosa, nikalirekebisha, nikakomiti (yaani nikaliandikisha badiliko kwenye Git, programu inayotunza historia ya msimbo), nikapandisha kwenye seva, nikalala. Ile `breakpoint()` nikaiacha mle mle.

Kwenye kompyuta yangu amri hiyo inasimamisha programu na kunisubiri niandike kitu. Kwenye seva hakuna mtu wa kuandika, basi Python inakata tamaa na kutupa kosa. Kila aliyefungua ukurasa wa madeni alikutana na 500.

Kuirekebisha kulinichukua dakika nne. Nilipompigia kumwambia mambo yamekaa sawa, tayari alikuwa ameandika kila kitu kwa peni. "Sawa mwanangu," akasema. "Ila daftari halijawahi kunigomea."

Siku hiyo nilishuka Kibirizi kumwomba radhi ana kwa ana. Nikamkuta amekaa na kina mama wengine, dagaa wameshakauka, wanawachambua: mchanga huku, mawe huku, visamaki visivyo dagaa pembeni. Gunia likishashonwa mdomo halifunguliwi tena mpaka liko kwa mnunuzi, labda Dar es Salaam, labda ng'ambo ya ziwa huko Kongo. Kwa hiyo uchafu unaondolewa kabla ya sindano. Mimi nilikuwa nashona kwanza, uchafu nasubiri mteja anipigie simu kuniambia.

Kazi ya kubadili hilo niliipanga kwa wiki ya mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa hapa huvua kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti samaki, hivyo mitumbwi hupumzika na wateja wangu nao hupumzika. Ndizo siku pekee naweza kuvuruga mfumo bila kuogopa simu.

Git ina kitu ambacho sisi chumbani tunakiita ndoano. Ni skripti ndogo inayokaa kwenye folda ya `.git/hooks`, na Git huiendesha yenyewe jambo fulani linapotaka kutokea. Ukifungua folda hiyo utakuta mifano imejaa, yote majina yake yanaishia na `.sample`, imelala. Ndoano niliyoitaka mimi inaitwa `pre-commit`. Inaendeshwa kabla komiti haijaandikwa: ikimaliza na sifuri, komiti inapita, ikimaliza na namba nyingine yoyote, komiti inazuiwa.

Skripti yangu ya kwanza ilikuwa na mistari sita. Ilichukua mabadiliko yaliyo tayari kukomitiwa, kwa `git diff --cached`, ikatafuta neno `breakpoint` kwa `grep`. Ikilipata, inagoma. Nilijiona fundi kwelikweli hadi kesho yake, nilipokuta `breakpoint()` ya zamani kwenye faili jingine. Nikaifuta, nikakomiti, ndoano ikanikatalia. Kumbe diff inaonyesha pia mistari iliyofutwa, imewekewa alama ya kutoa mbele, na `grep` yangu haikujua tofauti. Nilikuwa nimejenga mlinzi asiyekuruhusu hata kutupa takataka nje.

Hilo nikalitengeneza. Halafu yakaja mengine. Nilihariri ile skripti kwenye kompyuta ya Windows, nikairudisha kwenye Linux, ikakataa kuendeshwa kabisa, inalalamika haioni mkalimani. Windows ilikuwa imeacha herufi isiyoonekana mwishoni mwa kila mstari, na Linux ikawa inatafuta programu ya `sh` yenye herufi hiyo kwenye jina lake. Kusahau `chmod +x`, amri inayoipa skripti ruhusa ya kuendeshwa, sitaki hata kukuzungumzia. Lakini lililonikatisha tamaa zaidi ni kwamba vitu vilivyomo ndani ya `.git` havisafiri. Mtu akikloni ripo, yaani akinakili mradi mzima pamoja na historia yake, ndoano haziji naye. Kwa hiyo mlinzi nilikuwa naye mimi tu, na vijana wangu walikuwa wanapita mlango wazi.

Git tangu toleo la 2.9, la mwaka 2016, ina mpangilio wa `core.hooksPath` unaokuwezesha kuziweka ndoano kwenye folda ya kawaida inayosafiri na ripo. Nilitaka kuishia hapo. Ila niliona nitakuja kuandika skripti moja baada ya nyingine kwa kila kosa, kazi ambayo wengine wameshaifanya. Nikageukia programu inayoitwa nayo pre-commit, aliyoianzisha Anthony Sottile mwaka 2014. Unaandika faili moja, `.pre-commit-config.yaml`, unaorodhesha humo ukaguzi unaoutaka, faili linakomitiwa kama faili jingine lolote, na kila mwenzako anaandika `pre-commit install` mara moja tu.

Mara ya kwanza kuiendesha, inashusha vifaa vyote kutoka mtandaoni na kuvihifadhi kwenye `~/.cache/pre-commit`. Sikulijua hilo. Niliiwasha mchana nikitumia bando la simu, bando likakata katikati, nikalazimika kuanza upya usiku. Yeyote anayeishi kwa bando kama sisi, aifanye hatua hii usiku kwa bando la usiku. Ikishamaliza, ukaguzi wenyewe hauhitaji mtandao tena. Naweza kukomiti nikiwa Kibirizi kusiko na hata alama moja ya mtandao, na mlinzi yuko kazini.

Kwa ukaguzi wa Python nilichukua Ruff. Imeandikwa kwa Rust, na wepesi wake ni wa kushangaza. Kanuni yake ya T100 inanasa `breakpoint()`, na T201 inanasa `print` zilizosahauliwa. Nikaongeza na vile vidogo: kinachokamata alama ambazo Git huziacha kazi za watu wawili zinapogongana, zile `<<<<<<<`, kinachozuia ufunguo wa siri, na kinachozuia faili kubwa, ambacho usipokigusa kinakataa chochote kinachozidi kilobaiti 500. Hiki cha mwisho kilijilipa ndani ya wiki moja, pale bwana mdogo, mmoja wa wale vijana wangu wawili, alipotaka kukomiti picha ya gunia aliyoipiga kwa simu, megabaiti sita.

(Programu za namna hii huitwa linta, kutokana na lint, aliyoiandika Stephen C. Johnson kule Bell Labs mwaka 1978. Jina lenyewe ni vile vinyuzi vinavyonasa kwenye nguo. Na mimi naandika "msimbo" hapa kwa adabu tu. Chumbani tunasema "kodi", na bibi yangu anaamini hadi leo nafanya kazi TRA.)

Sasa kosa langu kubwa. Baada ya kuonja utamu, nikapakia kila kitu. Ukaguzi wa aina za data, majaribio yote ya mfumo, kanuni za Ruff ambazo hata mimi sikuzielewa. Komiti moja ikawa inachukua dakika tatu na ushee kwenye kompyuta ya mezani ya yule binti wetu wa Ujiji, mashine iliyoona mengi. Nikajisifu kwamba sasa tuko salama.

Wiki mbili baadaye nikakuta kwenye ripo faili ambalo halijapangwa kabisa, `print` tatu ndani yake. Nikamuuliza bwana mdogo imepitaje.

"Kaka, ile inachelewesha. Mimi huwa naweka `-n`."

`-n` ni ufupi wa `--no-verify`. Inaiambia Git isiiendeshe ndoano. Nikamgeukia binti, akatazama chini akicheka. Na yeye alikuwa anaiweka. Nikataka kukasirika, kisha nikakumbuka kwamba Jumapili iliyopita mimi mwenyewe niliitumia, nikiwahi boti.

Nikakaa na faili la mipangilio nikakata. Kipimo changu kikawa kimoja: chochote kinachozidi sekunde tano kinatoka. Majaribio nikayahamishia kwenye ndoano nyingine, `pre-push`, inayoamka wakati wa kupandisha kazi na siyo kila komiti. Hiyo inawekwa kwa `pre-commit install --hook-type pre-push`. Ukaguzi wa aina za data ukaenda kuishi kwenye seva, pamoja na `pre-commit run --all-files` nzima, kwa sababu mlango wenye `-n` siyo ukuta. Anayeruka huku anakutana nao kule. Zile kanuni nisizozielewa nikazifuta. Ukaguzi ambao siwezi kumweleza bwana mdogo sababu yake, sina haki ya kumsimamisha nao.

Msimbo wa zamani ulihitaji busara yake. Nilipouendeshea ukaguzi wote kwa mara ya kwanza, karibu kila faili lilibadilika. Niliyaweka mabadiliko hayo kwenye komiti moja peke yake, bila kuchanganya na kazi nyingine, kisha namba yake nikaiandika kwenye faili la `.git-blame-ignore-revs` na kuiambia Git ilisome kupitia `blame.ignoreRevsFile`. Uwezo huo upo tangu Git 2.23 ya mwaka 2019. Bila hivyo, ukiuliza nani aliandika mstari fulani, kila mahali litatokea jina langu, kana kwamba mfumo wote niliuandika Jumanne moja.

Jambo la mwisho lilitutia hofu kweli. Pre-commit inakagua kile tu ulichokichagua kwa `git add`. Mabadiliko mengine inayaweka pembeni kwa muda, halafu inayarudisha. Siku moja binti alikomiti, na katikati ya ukaguzi umeme ukakatika. Mashine yake haina betri. Uliporudi, akafungua faili, mabadiliko ambayo hakuwa ameyachagua hayapo.

"Kaka, kazi ya tangu asubuhi imepotea," akasema, sauti yake ndogo.

Haikuwa imepotea. Ile "pembeni" ni mahali halisi: kwenye `~/.cache/pre-commit` kulikuwa na faili ambalo jina lake linaanza na `patch` likifuatiwa na namba. Tukaandika `git apply` na njia ya faili hilo, mistari ikarudi yote kama ilivyokuwa. Tangu siku hiyo tumeandika amri hiyo kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya meza yake.

Linalowachanganya wageni hadi leo ni pale ndoano inapolipanga faili yenyewe na bado inaikataa komiti. Imelirekebisha, inataka uangalie ilichofanya, ufanye `git add` tena, kisha ukomiti. Nimelieleza hilo mara nyingi kuliko yote mengine.

Usiku wa juzi nilikuwa tena kwenye ukurasa wa madeni, saa sita imepita, macho mekundu. Nikakomiti. Ikanirudishia mstari mmoja: T100, jina la faili, mstari wa 212. Nikafuta, nikakomiti tena, nikalala. Asubuhi hakuna aliyepiga simu.

Mama wa Kibirizi bado anaandika kwenye daftari lake sambamba na mfumo. Sijamwomba aache.