Keria ya Mayai

Mwaka 2013 mama yangu alikuwa akifuga kuku wa mayai nyumbani kwetu Kiboswa, na kazi ya kuyafikisha mayai hayo kwa wateja wake katika soko la Kibuye, mjini Kisumu, ilikuwa yangu. Matatu zilikubali kubeba trei, lakini si kila kondakta alizishika kwa uangalifu, na mara nyingi mzigo wetu ulirundikiwa magunia ya abiria wengine kabla hatujafika hata Mamboleo. Mwalimu mwenzangu alipohamishwa na kuniuzia skuta yake, swali la kwanza la mama lilikuwa mayai yatakaa wapi.

Skuta ile ilikuwa ndogo, yenye injini ya cc 110 na magurudumu ya inchi 10. Watu wengi hubeba mzigo pale mbele pa kuwekea miguu, ila trei ya mayai ina upana wa takriban sentimita 30 kila upande, na trei kadhaa zikipandana pale dereva hukosa pa kuweka nyayo, na magoti humzuia kukata kona. Nyuma ya kiti kulikuwa na kishikio cha abiria tu, kilichofungwa kwa bolti tatu. Trei moja huchukua mayai 30, na kwa kuwa yai la kuku wa kisasa huwa na uzito wa gramu 60 hivi, trei iliyojaa hukaribia kilo 2. Mama alitaka nibebe trei 10 kwa safari moja, yaani kilo 20 zenye kimo cha nusu mita, za kitu ambacho hakivumilii kutikiswa.

Niliipeleka skuta kwa fundi mmoja wa jua kali pale Kibuye, mzee ambaye wauzaji wa mkate na maziwa walikuwa wamenielekeza kwake. Alikuwa ameanzia kazi hiyo Busia, mpakani na Uganda, wakati boda boda zilipokuwa bado baiskeli, akiwatengenezea waendeshaji keria nzito za kukalia abiria, kwa sababu zile zilizokuja na baiskeli kutoka kiwandani zilipinda chini ya mtu mzima. Baada ya mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zenye injini ndogo na barabara za magharibi zikajaa pikipiki, aligeukia keria za pikipiki bila kuacha kanuni alizozipata kwenye baiskeli. Nayataja haya kwa sababu karibu kila uamuzi wa maana katika kazi yetu ulitokana na yale aliyojifunza kule mpakani.

Nilikuwa nimechora mchoro nyumbani: jukwaa dogo la chuma lililofungwa kwa zile bolti tatu za kishikio, likichomoza nyuma juu ya taa. Aliutazama mchoro, akauweka kando kwa adabu, akatoa kwanza kifuniko cha plastiki cha mkia ili tuone kilichokuwa ndani. Fremu ilikuwa mabomba mawili membamba yaliyokutana nyuma.

"Mwalimu, mahali hapa panabeba mkono wa abiria akijishikilia," aliniambia. "Uzito wa abiria wenyewe uko huku mbele, kwenye kiti. Kwa baiskeli pia ni hivyo, keria hukaa juu ya ekseli, huu mhimili wa gurudumu. Ukiweka mzigo nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na hapo usukani hauna kazi."

Wakati huo nilikuwa nikifundisha fizikia katika shule ya sekondari, na maneno yake yalikuwa ndiyo kanuni ya momenti niliyoiandika ubaoni kila mwaka. Umbali kati ya ekseli mbili za skuta ile ulikuwa mita moja na robo. Kilo 20 zikikaa sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma, hupunguza karibu kilo 5 za uzito unaolishikilia gurudumu la mbele barabarani, na kwa chombo chepesi namna ile, kinachoteremka kutoka Kiboswa kuelekea Mamboleo asubuhi yenye umande, kilo 5 si kitu cha kupuuzwa. Tukakubaliana kwamba trei zikae juu ya nusu ya nyuma ya kiti, pale ambapo abiria angekaa. Mimi sikuwa nikibeba abiria, kwa hiyo hatukupoteza chochote.

Ila uamuzi huo ulizaa tatizo la pili, ambalo waendeshaji wa pikipiki za kawaida hawalijui. Kwenye skuta, mdomo wa tangi la petroli uko chini ya kiti, na kiti hicho hufunguka kwa kuinuka upande wa nyuma. Keria ikikaa juu yake, mafuta yatawekwaje? Fundi alikaa kimya akinywa chai yake, kisha akachora vumbini kwa kipande cha waya: jukwaa lenye bawaba mbili upande wa nyuma na pini mbili upande wa mbele, ili pini zikitolewa jukwaa lipinduke kuelekea nyuma na kiti kiwe huru. Mafuta yangewekwa kabla ya kupakia, na jambo hilo halikunisumbua, kwani kituo cha petroli kilikuwa njiani nikienda kuchukua mzigo.

Upande wa nyuma jukwaa lingeshikwa na bolti za kishikio cha zamani. Upande wa mbele lilihitaji nguzo mbili, moja kila ubavu wa kiti, na nguzo hizo zilihitaji mahali imara pa kusimama. Kijana aliyekuwa akimsaidia fundi alipendekeza zifungwe kwenye injini, kwa kuwa chuma chake ni kinene na bolti ni nyingi. Fundi alikataa, na badala ya kubishana aliniomba nikae kwa nguvu kwenye mkia wa skuta huku kijana akiangalia chini. Injini ya skuta haijafungwa imara kwenye fremu kama ya pikipiki. Huinuka na kushuka pamoja na gurudumu la nyuma, na kisanduku cha kichujio cha hewa kilicho upande wa kushoto huinuka nayo. Nguzo iliyofungwa pale ingeukaza mwendo wa springi, na kila shimo la barabarani lingeyafikia mayai bila kupunguzwa. Tulizisimamisha kwenye bolti za vikanyagio vya abiria, ambazo zimeingia katika fremu yenyewe, na nguzo ya kushoto ikapindwa kidogo nje ili kisanduku kile kikipanda kisiiguse.

Vyuma tulivinunua kwa vipande, kwa sababu bomba zima la mraba huuzwa likiwa na urefu wa karibu mita 6 nasi hatukuhitaji lote. Fundi alichagua bomba la mraba la robo tatu ya inchi, lenye unene wa geji 16, kwa fremu ya jukwaa na nguzo, na chuma bapa kwa miguu ya kufungia. Muuzaji alikuwa na kipande kingine cha bei nafuu, cha bomba la maji lililopakwa zinki, na nilidhani kingetufaa kwa kuwa hakishiki kutu. Fundi alikirudisha. Zinki ikichomelewa hutoa moshi mweupe unaomletea mchomeleaji homa na kichefuchefu, na ingawa wenzake wengi hunywa maziwa wakiamini kwamba yatawakinga, yeye aliona dawa bora ni kutoichoma kabisa. Niliheshimu msimamo huo, na hata leo nikiona fundi kijana ameinamia moshi wa namna hiyo humwambia.

Hakukubali pia kuchomelea chochote chuma kikiwa kimefungwa kwenye skuta. Tangi la petroli lilikuwa chini ya kiti na betri ilikuwa karibu, na cheche hazichagui pa kuangukia. Alichukua ubao wa plaiwudi, akaubana juu ya mkia, akatia alama mahali pa kila bolti, akapima kimo cha vikanyagio kutoka kwenye ubao huo, kisha akatoboa mashimo. Kuanzia hapo ubao ule ndio uliokuwa skuta yetu. Miguu ya keria ilifungwa juu yake kwa bolti halisi na kila kitu kikachomelewa hapo. Kwanza alishikiza pembe zote nne kwa nukta ndogo tu za mchomeleo, akapima mishazari miwili ya jukwaa kwa tepu, na alipoona inalingana ndipo akaanza kuchomelea kikamilifu, akiruka kutoka pembe moja hadi ile iliyo mkabala nayo. Chuma kikipoa hujivuta, alinieleza, na ukimaliza upande mmoja wote kabla ya kuugusa mwingine, mashimo yako hayatakutana tena na bolti. Katikati ya kazi stima ilipotea, ikabidi niiache skuta pale na kurudi nyumbani kwa matatu.

Niliporudi, keria ilikuwa imekamilika lakini haijapakwa rangi. Ukingo wake ulikuwa na kimo cha sentimita 12, wa kutosha kuzishika trei mbili za chini zisiteleze, na jukwaa lilikuwa na upana wa sentimita 34 kila upande ili trei ziingie na vidole vya kuzitolea vipate nafasi. Fundi alipaka chokaa nyembamba kwenye kila kiungo, akafunga mfuko wa mchanga wa kilo 20, akaniambia niende nao hadi Kondele na kurudi, nisiyakwepe matuta. Skuta ilikwenda vizuri na usukani ulikuwa na uzito wake wa kawaida. Tulipoikagua, tuliona mstari mwembamba mweusi katika ile chokaa, kwenye mguu wa nguzo ya kushoto, mahali ambapo chuma bapa kilikuwa kimepindwa kwa pembe kali ili kukipisha kisanduku cha hewa. Ufa huo usingeonekana chini ya rangi. Fundi hakuuziba kwa kuujazia mchomeleo juu. Aliukata mguu wote, akatengeneza mwingine wenye mpindo wa taratibu, akauongezea kipande cha pembetatu ndani ya kona ili nguvu igawanyike. Mguu wa kulia haukuwa na kasoro yoyote, lakini aliuongezea kipande kama hicho pia. Nikapewa mchanga tena. Safari hii chokaa ilirudi ikiwa nyeupe kote.

Baada ya hapo kazi ilikwenda haraka: ganda la mchomeleo likagongwa, brashi ya waya ikapita, ncha za mabomba zikazibwa ili mvua isiingie, na chini ya kila bomba la jukwaa kukatobolewa tundu dogo la kutoa maji yatakayokusanyika ndani, kwani mabomba ya aina hii huanza kuoza kutoka ndani. Redi oksaidi, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ilipokauka tulipaka rangi nyeusi. Nati zilikuwa za kujikaza, zile zenye pete ya nailoni, kwa sababu mtetemo wa injini ndogo hulegeza nati za kawaida.

Mambo ya mayai yenyewe niliyapanga na mama. Tulikata godoro kuukuu tukapata sponji ya kutandika jukwaani, na fundi wa mbao jirani akatukatia kipande cha plaiwudi cha kuweka juu ya trei ya mwisho, ili mipira ya kufungia, tuliyoikata kutoka kwenye tyubu za baiskeli, ikaze ubao mzima badala ya kuyabana mayai ya pembeni. Mama alisisitiza kwamba kila yai likae ncha yake nyembamba ikiwa chini, kama wafugaji wanavyofanya ili kiini kibaki katikati na ile nafasi ya hewa ibaki juu, na aliyapanga mwenyewe yote 300 bila kuniruhusu nimsaidie.

Nilifika Kibuye Jumamosi asubuhi. Mteja wetu mkubwa, mama mmoja mwenye kibanda cha jumla karibu na lango, alikuwa amezoea kututolea mayai yaliyopasuka na kuyakata kwenye bei, kwa hiyo alizishusha trei moja moja na kuzigeuza kwenye mwanga. Alipata yai moja lenye ufa, katika trei ya chini kabisa. Akalipa yote yaliyobaki kwa bei kamili, kisha akatoka nje kuikagua keria, akatikisa nguzo kwa mikono miwili na kuniuliza jina la fundi.

Nilitumia keria hiyo kwa miaka mingi, nikibadilisha sponji tu na kupaka rangi upya kila mvua za masika zilipokwisha. Mwaka 2019, mama alipopunguza ufugaji, nilimuuzia skuta kijana aliyekuwa akisambaza mikate Manyatta na Nyalenda. Kreti zake zilikuwa pana kuliko trei, kwa hiyo kabla ya kumkabidhi tulikwenda pamoja kwa yule mzee, ambaye alizipima, akalikata jukwaa kwenye bawaba na kuchomelea jingine pana zaidi. Kijana alitaka nguzo nazo ziwe mpya. Fundi alizikwaruza rangi kwenye miguu, akazipaka chokaa, akamtuma Kondele na kreti mbili zilizojazwa mchanga, na aliporudi akamwonyesha kwamba hazikuwa na haja ya kuguswa.