Kola iliyokataa kugusa shingo

Koti lilishonwa kwa vipimo vyangu mwenyewe: sufu yenye mistari myembamba, bitana laini, mishono imenyooka. Kwa mbali lilipendeza. Ukisogea, kola ilisimama mbali na kola ya shati nyuma ya shingo, pengo la kupitisha kidole. Mikunjo ya mshazari ilianza shingoni ikashuka hadi kwapa la kulia, na mikono ya koti ilijikunja kwa nyuma juu ya kiwiko hata nikisimama nimetulia.

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa kubana mshono wa katikati mgongoni, karibu na kola. Pengo lingefichika, ni kweli. Lakini mgongo wa koti ungekuwa mwembamba pale pale mabega yanapohitaji nafasi, na siku ya kunyoosha mkono kola ingeruka tena. Nikaomba pini zitolewe, nikarudi na koti nyumbani.

Kabla ya mtu yeyote kushika mkasi nilitaka kuliona koti likiwa mwilini, na kioo hakinisaidii hapo. Ukigeuza shingo kutazama mgongo wako, umeshapinda mabega, na mikunjo unayoiona umeitengeneza wewe. Nilimwomba ndugu yangu anipige picha mbele, nyuma na pande zote mbili, mikono ikining'inia, mifuko mitupu, kifungo kimefungwa, kisha kimefunguliwa. Nilisimama jinsi ninavyosimama nikisubiri basi. Kifua cha gwaride nilikiacha, maana koti litakaa kwenye mwili wangu wa kila siku.

Picha ya mgongoni ilionyesha bega la kulia liko chini kuliko la kushoto. Watu wengi wako hivyo bila kujua. Koti lilikatwa kana kwamba mabega yanalingana, kwa hiyo upande wa kulia kitambaa kilibaki hewani kikaanguka kuelekea kwapa. Kupima jambo hili ni rahisi: nilikunja kitambaa cha pamba, nikakiingiza chini ya koti kwenye ncha ya bega la kulia, na ile mikunjo ya mshazari ikatoweka. Unene uliohitajika ulikuwa kama sentimita moja. Ingetosha pia kushusha mshono wa bega, lakini hapo mkono wa koti ungelazimika kutolewa na tundu lake kurekebishwa. Fundi alifumua bitana kidogo na kuongeza tabaka kwenye pedi ya bega la kulia. Faida ya njia hiyo ni kwamba mabega sasa yanaonekana sawa kwa anayenitazama.

Kola bado ilisimama.

Hapa ndipo picha ya ubavuni ilipofaa kuliko zote. Shingo yangu imeelekea mbele na mgongo wa juu umepinda kidogo, kama walivyo wengi tunaokaa mbele ya kompyuta. Mgongo wa namna hiyo unataka kitambaa kirefu zaidi nyuma, na kifua kinataka kifupi zaidi mbele. Koti langu lilikatiwa mtu aliyenyooka. Pande la nyuma lilikuwa fupi, likaivuta kola iachane na shingo. Ushahidi mwingine ulikuwa chini kabisa: kifungo kikifunguliwa, mapande ya mbele yalipandana badala ya kuning'inia sambamba, na pindo la nyuma lilibenuka. Aliyenyooka sana huwa na dalili za kinyume: tuta la kitambaa likilala chini ya kola, na mbele ya koti ikitawanyika. Dawa yake pia ni kinyume, yaani kufupisha nyuma kwa kushusha kola.

Ndugu yangu alibana kitambaa cha mbele kwa vidole karibu na shingo, kushoto na kulia, chini kidogo ya mshono wa bega. Kola ikarudi shingoni papo hapo. Akabandika pini pale pale, nami nikampelekea fundi koti. Hakubisha. Alifungua kola kutoka bega hadi bega, akakuta akiba ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma, akapandisha pande la nyuma na kupunguza mbele kidogo pale mshono wa bega unapokutana na shingo. Akapiga bandi tu, yaani mshono wa muda unaofumuka kirahisi, akaniambia, "Vaa, utembee, ukae, ndipo nishone." Fundi anayekataa kupiga bandi kabla ya kushona moja kwa moja, mimi simpi koti. Kola ya shati sasa inachungulia juu ya ya koti kwa sentimita moja hivi, na hata nikikaa haibanduki.

Mikono tuliiacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu bega likibadilika, mkono nao hubadilika. Mikono yangu hutulia mbele kidogo ya mapaja, ilhali ya koti ilishonwa ikiangalia chini wima, ndiyo maana ilijaa mikunjo nyuma. Kuipunguza upana kusingesaidia kitu. Ilifumuliwa, ikazungushwa kuelekea mbele, ikapigwa bandi, ikajaribiwa, ikashonwa. Ingekuwa mikunjo iko mbele ya mkono, ungezungusha kuelekea nyuma. Urefu ulifupishwa baadaye kabisa, na kwa bahati matundu ya vifungo vya mikononi yalikuwa hayajakatwa. Yakishakatwa, kufupisha hufanywa kutoka begani na ni kazi kubwa.

Kiunoni kulikuwa na mistari hafifu ya herufi X kuzunguka kifungo. Tulifungua mishono ya ubavu na kutumia akiba kidogo ya kitambaa kuipanua, basi. Ila mpasuo wa nyuma ukiwa wazi hata kifungo kikifunguliwa, angalia nyonga kwanza, usikimbilie kifungo.

Mambo mengine hayarekebishiki kwa bei ya akili. Tundu la mkono likikatwa chini sana huwezi kulipandisha, kitambaa hakipo. Bega likiwa jembamba kupita kiasi, tafuta koti jingine. Kufupisha koti zima kunaishia pale mifuko inapoanza kuonekana imeangukia pindoni.

Mkono wa kushoto umebaki na mkunjo mmoja mdogo nyuma. Ungezungushwa zaidi, mistari yake isingekutana tena na ya kifuani, nami mistari inanisumbua kuliko mkunjo.